Miguu Mitatu Bila Kichwa

Miguu mitatu ilikuwepo. Kichwa hakikuwepo.

Msomaji wangu, tangu tuachane wewe umepata wiki nzima ya kula, kulala na kufua nguo. Mimi bado nimesimama pale pale juu ya kilima cha ngome, jasho linanitoka kwenye baridi ya ugenini, naitazama stendi ya miguu mitatu ambayo muda mfupi uliopita ilikuwa imebeba darubini ya kupimia pembe. Theodolaiti, kama tunavyoiita sisi tunaojifanya wapimaji wa ardhi. Sasa ilikuwa imebeba hewa.

Nikaizunguka stendi mara moja. Nikaizunguka mara ya pili kwa upande mwingine, utadhani kitu chenye uzito wa mtoto wa miezi mitatu kinaweza kujificha nyuma ya mguu wa mbao. Nikainama hata kuchungulia chini ya majani.

"Injinia, umedondosha nini?" akauliza Hakimu.

Injinia ndiye mimi. Jina nilipewa na mama yangu siku niliyopanda ndege, na kila mtu analitumia kwa heshima isipokuwa wanaonijua.

"Darubini imeondoka," nikasema.

"Imeondoka vipi? Ina miguu?"

"Miguu imebaki."

Kama umejiunga nasi leo, nisikuache gizani. Hakimu ni binti wa kwetu anayesoma sheria katika chuo hiki hiki cha ugenini. Siku ya Alhamisi, jikoni hosteli, alikuwa anakoroga chai akauliza tu: "Hivi ninyi wapimaji mnapima nini hasa?" Mtu mwenye akili zake angejibu "ardhi", akaendelea kuosha sahani. Mimi nikavimba. Nikaahidi kwamba Jumamosi, tukienda matembezi kwenye mji wa ngome, nitampimia urefu wa mnara wake bila kukosea hata upana wa kidole. Na kwa kuwa ulimi hauna mfupa, nikaongeza kwamba darubini ninayo, ya kwangu mwenyewe, nimezawadiwa na idara kwa kufanya vizuri masomoni. Ukweli ni kwamba idara haijawahi kunipa kitu chochote isipokuwa barua ya onyo.

Darubini ni ya chuo. Hutolewa stoo kwa kusaini kitabu. Na kuna jambo moja ambalo hata wewe msomaji nimekuficha tangu hadithi hii ianze, ukanionea huruma bure. Leo nalisema, maana limenikwama kooni.

Mwisho wa wiki, mwanafunzi wa kawaida haruhusiwi kutoa kifaa. Anayeruhusiwa ni kiranja wa darasa peke yake, tena kwa kazi za ndani ya chuo tu. Ijumaa mchana mtunza stoo wetu, tunayemwita Bwana Stoo, alikuwa amekwenda kula. Dirishani alikaa msaidizi wake, ambaye kwake wageni wote tuna sura moja. Akaniuliza, "Wewe ndiye kiranja wa mwaka wa pili?" Kichwa changu kikaitikia chenyewe kabla sijakishauri. Nikasaini jina la Kiranja, na saini yake, mstari mmoja na nukta.

Kitabu kile hakina msamaha. Aliyesaini akipoteza, haingii mtihani wa vitendo wa Jumatatu saa mbili asubuhi. Asiyeingia mtihani huo anafunga mizigo, anarudi kwao.

Kwa hiyo darubini ikipotea, anayerudi kwao si mimi. Ni Kiranja.

Na Kiranja ni nani? Ni yule pale, mrefu, mwembamba, anakuja mbio na kidaftari chake cha ratiba mkononi. Rafiki yangu kuliko wote niliowapata ugenini. Alilelewa na dada yake mshonaji, na dada huyo hapimi mteja kiuno bila kumsimulia habari za mdogo wake aliye ng'ambo. Yeye nilimwambia uongo wa aina yake: kwamba Bwana Stoo ameniruhusu mwenyewe. Kuhusu uongo wa Hakimu nikamkonyeza tu, akanihurumia, akanyamaza. Kila mtu nilimpa uongo unaomtosha, kama fundi cherehani.

"Kuna nini?" Kiranja akauliza.

"Darubini ya Injinia imeibwa," akasema Hakimu.

Kiranja akafungua kidaftari. "Sasa ni saa tisa na robo. Treni yetu ni saa kumi na nusu. Saa tisa na dakika ishirini tulikuwa tununue kadi za picha." Akapiga mstari. "Tunafuta kadi za picha. Tunatafuta darubini."

"Lakini Injinia, mbona umepauka hivyo?" Hakimu akaniangalia. "Si ni yako? Idara watakupa nyingine. Mwanafunzi bora kama wewe!"

"Ile nimeizoea," nikajibu. Hilo ndilo jibu lililotoka, msomaji. Miaka kumi na sita ya shule.

Kiranja akanivuta pembeni, akanishika bega. "Usiogope, ndugu yangu. Bwana Stoo ni mkali, lakini kama alikuruhusu mwenyewe, mtaelewana. Nitakwenda na wewe kumweleza."

Nikataka kumwambia pale pale. Nikafungua mdomo, nikamshukuru.

Akaikunja ile stendi, akajitwika begani bila kuombwa.

Kwenye benchi jirani walikaa babu mmoja na bibi yake, watalii, wamevaa kofia za kufanana. Hakimu ndiye anayeijua lugha ya huku sawasawa. Mimi kuisikia naisikia, lakini kuisema ni ya kununulia mkate tu. Akawauliza kama wameona mtu na darubini.

"Ile ya bure?" bibi akachangamka. "Tulipanga foleni! Tulikuwa watu kama kumi na watano."

"Foleni?" nikashangaa. "Nimeiacha dakika tano tu!"

"Dakika tano?" Hakimu akanigeukia. "Picha peke yake zimetuchukua nusu saa. Umerudia kumi na moja kwa sababu ya kidevu chako."

Ni kweli. Kidevu changu kina upande mmoja tu unaofaa, na jua lilikuwa upande wa pili. Somo la kwanza la upimaji, kabla hujafundishwa hata kushika kalamu, ni kwamba chombo hakiachwi peke yake, hata kama unakufa kwa kiu. Niliandika sentensi hiyo daftarini nikaipigia mstari kwa wino mwekundu. Halafu Hakimu akaniita, "Njoo upige picha," nikaenda nikiwa nimetanguliza kifua.

"Lakini ilikuwa mbovu," bibi akaendelea. "Kila kitu kilionekana kichwa chini, miguu juu. Mnara unaning'inia kama popo! Nikamwambia mume wangu, hii ni aibu kwa mahali pazuri kama hapa. Nikaenda ofisini nikalalamika."

"Bibi," nikasema kwa mkate wangu wa lugha, "ukalalamika kwa nani?"

"Wakamleta fundi wa ngome haraka sana, niwasifu. Akaichomoa, akaondoka nayo. Amesema ataitengeneza leo hii hii."

Nikakaa kwenye benchi lao bila kukaribishwa.

Nikueleze haraka. Ile darubini haikuwa mbovu. Darubini za zamani za upimaji ndivyo zilivyo, zinaonyesha dunia kichwa chini, na mpimaji anazoea. Baada ya muhula mmoja huoni tena kasoro, na ndiyo maana baadhi yetu maisha yetu yamekaa hivyo hivyo. Lakini ili fundi asiyejua aigeuze picha ikae sawa, ni lazima aifungue tumbo. Na ikifunguliwa tumbo na mtu asiyejua, haitapima pembe ya kuaminika tena.

"Ataifungua!" nikapiga yowe.

"Twende!" akasema Kiranja, na tayari alikuwa anakimbia.

Ngome ile ina ngazi mia mbili na kumi. Asubuhi wakati wa kupanda nilizihesabu kwa sauti ili Hakimu asikie jinsi ninavyopenda vipimo. Wakati wa kushuka sikuhesabu. Kiranja mbele na stendi begani, akigeuka kuniangalia kila mara, na kila akigeuka miguu ile mitatu inafagia kofia ya mtalii. Nyuma yake Hakimu, anaomba radhi kwa niaba yetu sote. Nyuma kabisa mimi, ambaye ngazi kumi za mwisho nilizishuka kwa makalio.

"Umeumia?" Hakimu akauliza.

"Hapana. Ndiyo njia ya mkato."

Karakana ilikuwa nyuma ya dirisha la tiketi. Chumba kimoja kirefu chenye harufu ya grisi. Viti vinavyosubiri miguu, mabango yanayosubiri rangi, bomba la maji limelazwa juu ya gazeti. Na katikati ya meza, juu ya kitambaa safi, darubini yangu. Samahani, darubini ya chuo.

Fundi alikuwa mama mmoja mnene wa ovaroli ya buluu, mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni, nyingine kichwani. Bisibisi ilikuwa mkononi. Pembeni, skrubu nne zimepangwa mstari mmoja.

"Simama!" nikapayuka. Kwa Kiswahili.

Mama fundi akanitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyeingia kanisani, kisha akairudisha bisibisi kwenye skrubu ya tano.

Hakimu akapita mbele yangu. Akasimama wima, akasema kwa lugha yao, pole pole, "Mama, tafadhali weka chini. Chombo hicho si kibovu, na kina mwenyewe."

Bisibisi ikasimama hewani.

"Mwenyewe ni nani?"

"Huyu hapa." Hakimu akaninyooshea kidole. "Ni mali yake binafsi. Alizawadiwa kwa bidii yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuiondoa pale ilipokuwa bila kumuuliza, wala kuifungua bila idhini yake. Mimi nasoma sheria, mama, na rafiki yangu huyu ni mtu mwaminifu sana."

Sijawahi kutetewa vizuri namna ile maishani mwangu. Nilitamani sakafu ipasuke initie mfukoni.

Mama fundi hakubishana. Akaishika darubini kwa mikono miwili, akaigeuza mgongo. Palikuwa na kibati kidogo cha shaba kilichopigiliwa, ambacho mimi hukifunika kwa kidole gumba kila ninapokuwa na wageni. Akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, akasoma kwa sauti:

"Mali ya Idara ya Upimaji. Namba saba. Ikiokotwa, piga simu stoo."



Hakimu akakisogelea kibati, akakisoma mwenyewe. Halafu akanigeukia. "Injinia. Hii ni yako?"

"Si yangu."

"Ulizawadiwa?"

"Sikuzawadiwa."

"Kwa nini sasa?"

Nilikuwa na majibu matatu yaliyopambwa vizuri. Nikayatazama yote, nikayaonea haya. "Nilitaka unione mtu," nikasema.

Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu akikucheka unajua mmemalizana. "Nilikuuliza mnapima nini," akasema taratibu. "Ungeniambia ardhi, ningetosheka. Sasa umenifanya nisimame hapa nimdanganye mama wa watu kwa jina la sheria."

"Hakimu, msamehe," Kiranja akaingilia, bado na stendi begani. "Kujisifu amejisifu, lakini hakuiba. Bwana Stoo alimruhusu mwenyewe. Nisingekubali ipande treni vinginevyo. Eti, Injinia?"

Wote wawili wakaniangalia.

"Eti," nikasema.

Msomaji, unaweza kulitupa gazeti hili kama unataka. Nitaelewa.

Mama fundi alikuwa ameanza kurudisha skrubu, moja moja, kwa upole. Tumbo la darubini halijafunguliwa. Ilikuwa nzima! Nikahesabu naye: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila skrubu ilivyokazwa, pumzi yangu ililegea. Itarudi stoo Jumatatu alfajiri, mtihani saa mbili, Kiranja atafaulu, dada yake atawasimulia wateja wake, na mimi nitakwenda na siri yangu mpaka uzeeni. Hata nikatabasamu. Nilitabasamu kwa upande ule mzuri wa kidevu.

"Sikuelewa tu," mama fundi akasema akikaza ya nne, "chuo kizima kinatunzaje darubini inayogeuza watu. Ndiyo maana nikaona niwapigie kwanza kabla sijaishika."

Tabasamu likabaki usoni halina kazi.

"Umempigia nani, mama?"

"Hiyo namba ya kwenye kibati. Hapakuwa na mtu. Nikaacha ujumbe wanipigie."

"Leo Jumamosi," nikasema haraka. "Jumamosi hakuna mtu stoo."

"Bwana Stoo huwa anakuja Jumamosi mchana kukagua vifaa," akasema Kiranja kwa furaha. "Vizuri sana! Atakuthibitishia mwenyewe kwamba alikuruhusu, na Hakimu atapoa."

Simu ya ukutani ikalia.

Nimewahi kusikia simu nyingi. Ya kuambiwa nimefeli, ya mama akiuliza kwa nini sipigi, ya mwenye nyumba. Hakuna iliyowahi kulia vile.

Nikamshika Kiranja mkono. "Kiranja, kuna jambo."

"Subiri kidogo, ndugu yangu."

"Ni jambo la haraka."

"Simu kwanza, jambo baadaye."

Mama fundi alikuwa ameshaupokea mkono wa simu. "Ndiyo, mimi... Ndiyo, namba saba... Salama kabisa, haijafunguliwa... Wapo hapa, wanafunzi watatu." Akasikiliza. Akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja. "Anafungua kitabu."

Niliwaza kukimbia. Nikakumbuka ngazi.

"Ndiyo, nakusikia." Mama fundi akatutazama mmoja mmoja juu ya miwani yake. "Anasema aliyesaini ni kiranja wa mwaka wa pili. Ni nani kati yenu?"

"Mimi hapa!" Kiranja akanyoosha mkono kama yuko darasani, akaiegemeza stendi ukutani, akaupokea mkono wa simu huku amejaa tabasamu. Alidhani ni makosa madogo ya uandishi. Yeye huwa anadhani mema kwanza.

Mimi na Hakimu tukamsikiliza akiongea upande mmoja.

"Habari za leo, mzee... Ndiyo, mimi kiranja... Kitabuni? Jina langu?... Lini?"

Tabasamu likaanza kupungua.

"Ijumaa. Saa saba mchana... Na saini?"

Ijumaa saa saba mchana Kiranja alikuwa chumbani kwetu, ananipigia pasi shati la safari, kwa sababu nilimwambia nina kazi ya haraka idarani na mimi pasi huwa inanichoma. Shati lenyewe ni hili nililovaa. Lile lililopigwa picha kumi na moja.

Akageuka pole pole. Hakuniangalia usoni kwanza. Aliliangalia shati, kola, mikono, mistari aliyoinyoosha mwenyewe. Halafu ndipo akaniangalia mimi.

Hakimu alikuwa anatutazama kwa zamu. Niliona sura yake inabadilika, na nikajua ameelewa bila kuambiwa. Akafunika mdomo kwa mkono.

Sasa sikiliza nilivyo mtu mdogo. Nilijua kuna maneno mawili tu. Kiranja akisema "sikusaini", safari yangu ya kuwa Injinia inaishia kwenye karakana ile, kati ya viti vibovu. Akisema "nilisaini", anabeba yeye adhabu ya kutoa kifaa nje ya chuo, na mtihani wa Jumatatu unaweza kumpita. Na moyoni, msomaji, huku nikimtazama rafiki yangu machoni, niliomba aseme la pili.

Kiranja hakusema la kwanza. Hakusema la pili.

"Samahani, mzee," akasema kwenye simu kwa adabu ile ile. "Nilikosea. Kiranja aliyesaini yupo hapa pembeni. Anakuja kuongea na wewe mwenyewe."

Akanyoosha mkono. Waya wa simu ukavutika mpaka ukawa mstari mmoja kutoka ukutani hadi kifuani kwangu.

"Kiranja," akaniita mimi, kwa Kiswahili, bila hasira hata chembe. "Simu yako."

Nikaipokea. Ilikuwa bado na joto la sikio lake. Akachukua kidaftari cha ratiba, akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwetu.

"Halo?" sauti ya Bwana Stoo ikatoka, na nyuma yake nikasikia karatasi za kitabu kile zikifunuliwa. "Halo? Jina lako nani wewe?"